Kukata kitambaa cha mwavuli kwa mkono: mwongozo wa mwanagenzi

Masika yakikaribia hapa Malindi, maswali huwa yale yale. Fundi, nikifumua kitambaa kikuukuu nikakitumia kama kigezo, kuna ubaya? Fundi, mbona nimeshona vizuri na bado mwavuli umelegea kama shuka kwenye kamba? Fundi, leso inafaa? Nitayajibu yote humu, kila moja mahali pake katika kazi.

Mwongozo huu ni wa kukata tu. Wanagenzi wengi huiogopa cherehani, lakini miavuli mingi ninayoletewa kurekebishwa iliharibikia mezani, kabla ya sindano kuguswa. Mwavuli wa mbavu 8 una vipande 8, na kila kipande kina pande mbili za kushonwa. Hizo ni pande 16. Ukikosea kwa kuzidisha milimita 2 tu kila upande, mzingo wa mwavuli wako umeongezeka milimita 32. Hakuna mshono utakaoficha hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Fremu. Chukua ya mwavuli uliochanika kitambaa lakini vyuma vyake ni vizima. Nyingi madukani hupimwa kwa inchi za ubavu: 21, 23 na 27 ndizo utakazokutana nazo zaidi, yaani kama sentimita 53, 58 na 69. Katika mfano wetu nitatumia ubavu wa sentimita 50 ili hesabu ziwe nyepesi. Wewe utaweka vipimo vya fremu yako.

Kitambaa. Kwa mvua, tafuta polista au nailoni nyepesi iliyofumwa kwa kubana. Mwaga tone la maji juu yake. Likikaa na kuviringika, kinafaa. Likizama papo hapo, hicho ni cha kushonea kanzu. Kwa jua, kitenge na leso vinafaa kabisa, mradi usimwahidi mteja kwamba havitavuja. Na asikudanganye mtu kwamba mwavuli wa jua ni mtindo wa watalii wa ufukweni. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari yake aliandika kwamba mfalme wa hapa alikuja ameketi chini ya mwavuli wa duara wa atlasi nyekundu.

Kadibodi ngumu ya kigezo, au plaiwudi ya milimita 3 ikiwa unakusudia kukata miavuli mingi.

Mkasi wa fundi wa inchi 9 au 10 usiokata kitu kingine ila nguo. Hewa ya chumvi ya huku kwetu huula mkasi haraka, kwa hiyo ufute na uupake mafuta ya cherehani kila ukimaliza, kisha uyapanguse kabla ya kukata tena. Doa la mafuta kwenye nailoni halitoki.

Rula ndefu ya chuma, futi, chaki kwa kitambaa cheusi na penseli kwa cheupe. Uzi mgumu usiovutika; mshipi wa kuvulia haufai, kwa kuwa huvutika. Vizito vinne au vitano vya kukandamiza kitambaa. Pini kwa pamba, vibanio vya nguo kwa nailoni, maana tundu la pini kwenye nailoni hubaki pale pale na mvua hulijua.

Na meza kubwa kuliko kitambaa, ndani ya nyumba. Kukata barazani wakati kusi inavuma ni kutafuta lawama.

Hatua kwa hatua

1. Kagua fremu.

Ifungue, pima kila ubavu kutoka katikati ya mti, ile fimbo ya kati ya mwavuli, hadi ncha. Zote zilingane. Ikiwa mmoja umepinda au umepungua kwa zaidi ya milimita 3, nyoosha au badilisha kwanza. Ukikata kufuata fremu mbovu, utakuwa na kitambaa kibovu kinachoingia kwenye fremu moja tu duniani.

2. Zungushia uzi kwenye ncha.

Hapa ndipo wengi hupotea. Fremu isiyo na kitambaa hudanganya. Mbavu zake hukaa zimenyooka, kwa sababu kinachozikunja zikawa na umbo la kuba ni mvuto wa kitambaa chenyewe. Kwa hiyo funga uzi kwenye tundu la ncha ya kwanza, pitisha kwenye ya pili, ya tatu, mpaka urudi ulikoanzia, kisha kaza kidogo kidogo. Simama mbali uitazame fremu kutoka pembeni. Mbavu zikipinda kwa upole, kama mwavuli wa dukani uliofunguka, funga fundo. Hakikisha nafasi kati ya ncha na ncha ni sawa pande zote nane.

Usikaze mpaka chuma kilie. Mbavu zikikunjwa kupita kiasi, siku ya upepo zitageuka nje.

3. Pima.

Unahitaji vipimo vitano: urefu wa ubavu, na nafasi kati ya ubavu na jirani yake katika sehemu nne, yaani robo ya ubavu kutoka juu, nusu, robo tatu, na nchani. Rula iwe imenyooka kutoka chuma hadi chuma. Pima katika nafasi mbili au tatu za fremu, uchukue wastani.

Kwenye fremu yetu ya sentimita 50 iliyokazwa vizuri utapata kama hivi: robo 9.5, nusu 18.8, robo tatu 27.7, nchani 36.

Kuna njia ya haraka ya kujua kama umepima sawa. Zidisha urefu wa ubavu kwa 0.765. Hapa unapata 38.25. Hicho ndicho kitako cha kipande, yaani upana wake wa chini kutoka ncha hadi ncha, ikiwa mwavuli ungekuwa bapa kama meza, kwa hiyo kipimo chako cha nchani lazima kiwe chini yake. Kikiwa sawa nacho au zaidi, uzi wako haukukazwa. Fremu ya mbavu 10 hutumia 0.618, na ya mbavu 6 hutumia 1, yaani urefu wa ubavu wenyewe.

4. Chora kigezo.

Kwenye kadibodi piga mstari wa sentimita 36. Hicho ndicho kitako. Funga penseli kwenye uzi wa sentimita 50, shikilia mwisho mmoja kwenye pembe ya kushoto ya kitako, chora tao juu. Fanya vivyo hivyo kutoka pembe ya kulia. Matao yanapokatana ndipo kilele.

Sasa pima kutoka kilele hadi katikati ya kitako: ni sentimita 46.6, si 50. Tafadhali litazame jambo hili mara mbili. Urefu wa ubavu ni urefu wa upande wa kipande, kwa kuwa ni mshono ndio unaolala juu ya chuma. Mwanagenzi anayechukua 50 akaifanya kimo cha katikati hupata kitambaa kirefu kuliko ubavu kwa zaidi ya sentimita 3, halafu analaumu fremu.

Gawanya kimo mara nne. Kwenye kila mgawanyo weka alama za upana uliopima: 9.5, kisha 18.8, kisha 27.7, nusu kila upande wa mstari wa katikati. Unganisha alama kwa mkunjo laini. Utaona pande zinatuna nje kidogo sana, kama milimita 4 tu pale katikati. Kutuna huko ndiko kunakoupa mwavuli kuba. Pande zikinyooka kabisa, unapata hema.

Ongeza nafasi ya mshono, sentimita 1 kila upande, na sentimita 1.5 ya upindo chini ya kitako. Kilele usikiache kikali. Kikate pale ambapo upana, bila nafasi ya mshono, ni milimita 4. Vipande 8 vya milimita 4 vinakupa tundu la kipenyo cha kama sentimita 1, na mti hupita hapo bila rundo la nguo chini ya kofia ya juu.

Ikiwa utatumia nailoni, mimi hupunguza milimita 3 kwenye kitako, kwa sababu ikivutwa inafuata. Pamba na polista naziacha kama zilivyo.

Na lile swali la kitambaa kikuukuu? Kinaweza kukuonyesha umbo, lakini kisikupe kipimo. Kimevutwa na jua na upepo muda mrefu, na hakivutiki sawa kila upande. Ukikifumua kilaze juu ya kigezo chako ulinganishe. Pakitofautiana, amini fremu.

5. Jaribu kwa shuka kuukuu.

Kata vipande 8 vya majaribio, piga bandi, yaani mshono wa muda, kwa mkono, vika fremu. Hatua hii hurukwa na kila mtu, kisha wananirudia. Rekebisha kadibodi mpaka shuka likae, ndipo uguse kitambaa cha pesa.

6. Andaa kitambaa.

Pamba ifuliwe kwanza. Leso mpya ina wanga na itarudi ikiguswa na maji. Ifue, ianike, ipige pasi ikiwa na unyevu kidogo. Polista na nailoni zipige pasi ya moto mdogo, ukiweka kitambaa kingine juu.

Kisha tafuta nyuzi. Shika kitambaa uvute kufuata ukingo wake wa kiwandani, ule usiofumuka: hakitoi. Kivute kwa upana: kinatoa kidogo. Kivute mshazari: kinakwenda. Kitako cha kila kipande lazima kilale sambamba na ukingo wa kiwandani. Kitako ndicho kinachoning'inia hewani kati ya ncha mbili bila chuma kukisaidia, na kikilala mshazari kitalegea wiki ya kwanza.

7. Pinda, kisha panga.

Kwa kitambaa cha kawaida, kata mikanda miwili ya upana wa sentimita 51, ikifuata ukingo wa kiwandani. Pinda kingo zote mbili ndefu za kila mkanda kabla ya kukata vipande. Mafundi wa zamani hufanya hivyo kwa sababu mwisho wa upindo hunaswa ndani ya mshono, haufumuki wala hauhitaji kufungwa fundo. Ukifuata njia hii, punguza ile sentimita 1.5 chini ya kigezo, maana kitako sasa kinalala juu ya upindo uliokamilika.

Laza kigezo: kimoja kitako chini, kinachofuata kitako juu, kilele cha kimoja kikiingia pembeni mwa kitako cha mwenzake. Vipande vinne huchukua karibu mita 1 ya mkanda. Kwa hiyo mita 1 ya kitambaa, kiwe cha upana wa 150 au kitenge cha 112, inatosha mwavuli huu kwa shida. Nunua mita 1 na robo, usibishane na bahati.

Kitenge chenye ndege au maua yanayotazama juu hakipangwi hivyo, la sivyo nusu ya ndege watatembea kichwa chini. Vipande vyote vielekee upande mmoja, na uongeze kitambaa.

Leso ina utaratibu wake. Uzuri wake uko kwenye pindo, basi pindo liwe ndilo kitako. Weka vipande vitatu kwenye kila ukingo mrefu, vilele vikitazama katikati, uziache pembe za leso ambapo michoro ya pindo hukutana. Leso moja inakupa 6, na doti nzima 12, kwa hiyo unachagua 8 bora. Tabu ni jina. Jina hukaa juu ya pindo la chini, katikati, na pale kipande kina upana usiofika sentimita 30. Jina refu litakatwa herufi, na huku kwetu watu husoma. Mwavuli ukipita sokoni na nusu ya fumbo, utachekwa wewe na aliyeubeba. Chagua leso ya jina fupi, au likwepe jina, ukate vipande pembeni mwake.

8. Kata.

Weka vizito, chora kuzunguka kigezo upande wa ndani wa kitambaa, penseli ikiwa imesimama. Ikilala, inaongeza milimita 1, na tumeshaona milimita zinavyozaana. Usichore kwa kalamu ya wino. Itatokeza juu siku ya mvua.

Kata kitambaa kimoja kimoja mpaka mkono uzoee. Baadaye unaweza kuweka tabaka mbili za polista, au nne za pamba zilizobanwa vizuri. Zaidi ya hapo tabaka la chini hukimbia, na kipande cha chini huwa si kile cha juu.

Makali ya chini ya mkasi yaguse meza muda wote. Fungua mkasi wote, kata mpaka karibu na ncha, lakini usiufunge kabisa. Sukuma mbele uendelee. Mkasi unaofungwa kila mara huacha vijino, na kila kijino ni mahali pa kufumuka. Anza kitakoni kwenda kileleni. Ukimaliza upande mmoja, kitambaa kisiguswe: zunguka meza wewe.

Ukitumia kisu cha wembe na kigezo cha plaiwudi, weka kadibodi chini na badilisha wembe mara tu ukianza kuvuta nyuzi. Vidole vya mkono wa kushoto viwe juu ya plaiwudi, nyuma ya ukingo. Damu kwenye atlasi haitoki na kidole hakiuzwi dukani.

Nailoni inayofumuka unaweza kuikata kwa chuma cha kulehemu chenye moto, juu ya kioo au bati. Makali huyeyuka na kujifunga. Fungua madirisha, moshi wake si wa kuvuta.

9. Tia alama na uhakiki.

Weka alama ya chaki katikati ya kila upande, ndani ya nafasi ya mshono, ili vipande vikutane pale vinapopaswa. Kwenye nailoni usikate alama kwa mkasi. Hapo ndipo itakapochanikia. Andika namba 1 hadi 8.

Kunja kila kipande nusu kwa urefu: pande mbili zilingane. Kisha panga vyote vinane kimoja juu ya kingine, vilele pamoja, na utazame vitako. Kimoja kikitokeza, kipunguze. Kimoja kikipungua, kitupe ukate kingine. Usipunguze saba ili vifanane na kimoja kibovu, labda uwe umeshajaribu na fremu inakubali.

Mambo yakienda mrama

Piga bandi vyote, vika fremu, fungua taratibu. Kisha:

Kimelegea kote. Ongeza mshono milimita 1 ndani kila upande. Kwa pande 16 umepunguza milimita 16, na mara nyingi hiyo inatosha. Usianze na milimita 3.

Mwavuli haufunguki mpaka mwisho, au mbavu zimejikunja kama upinde. Kitambaa ni kidogo. Toa kwenye nafasi ya mshono. Ndiyo maana tuliacha sentimita 1 nzima. Ikiwa haitoshi, umepima kabla ya kukaza uzi vizuri au ulikaza mno. Rudi hatua ya 2.

Mikunjo karibu na kilele, huku chini pamekaa sawa. Pande zimetuna mno juu. Piga mshono ulionyooka zaidi katika robo ya kwanza. Angalia pia kama kilele kilikatwa.

Chini panafanya mawimbi. Kitako kimelala mshazari, au ulikivuta wakati wa kupinda. Kama ni kupinda, fumua, piga pasi ya mvuke, pinda tena bila kuvuta. Kama ni mshazari, hakuna dawa, kata upya.

Mwavuli umeegemea upande mmoja. Usikimbilie kitambaa. Zungusha kifuniko ubavu mmoja mbele kwenye fremu. Kasoro ikihama nacho, ni kipande fulani, na namba uliyoandika itakuambia kipi. Ikibaki palepale, ni ubavu.

Maji yanapenya kwenye mishono tu. Hilo si kosa la kukata. Sindano ni nene mno au uzi ni wa pamba. Tumia sindano nyembamba na uzi wa polista.

Fremu kubwa za miavuli ya ufukweni hukatwa kwa njia hii hii, ila turubai lake halivutiki, kwa hiyo huko milimita zangu za kupunguza zisahau, na kwa ubavu wa mita 1 acha nafasi ya mshono ya sentimita 1.5.